Oda imelipwa, au imejiandika tu imelipwa? Jinsi ya kufanya hali za oda zijibadilishe zenyewe kwenye duka la mtandaoni

Wale mnaotengenezea watu maduka ya mtandaoni, na wale wenye maduka yenu wenyewe hata kama yana bidhaa kumi tu, swali mnaloniuliza ni lile lile: nifanyeje oda zijibadilishe zenyewe? Mtu kachoka. Kila saa anakimbilia kafe, analipia nusu saa, anafungua dashibodi, anabofya oda moja moja: hii imelipwa, hii imetumwa, hii bado. Oda zikiwa tano kwa siku unavumilia. Zikifika hamsini unalia.

Jibu la haraka lipo, na ndilo linalowaumiza watu. Unaingia Google, unakuta mistari mitano ya msimbo, unabandika, na oda zote zinaanza kujiandika zimekamilika. Raha tupu! Jamaa mmoja ninayemfahamu anauza viatu, alikaa siku nne na mtambo wa namna hiyo. Kijana wake wa kufunga mizigo alikuwa anaangalia kitu kimoja tu: oda ikisoma imekamilika, anafunga, anampa bodaboda. Jozi tisa zikaenda kwa watu ambao hawakuwa wamelipa hata senti. Wawili walipopigiwa simu wakalipa. Wale saba wengine simu zao hazipokelewi mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nifanyeje" tuulize kwanza "nani kaona pesa?" Msimamo wangu ni huu: mashine ibadilishe hali ya oda pale tu ambapo mashine yenyewe imeona ushahidi. Pale ambapo ushahidi upo machoni mwa binadamu (kaona mzigo umepanda basi, kaona mteja kasaini), basi binadamu ndiye abofye. Yote yatakayofuata yanatokana na hilo.

Nitatumia WooCommerce kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayo. Kwa wasioijua, ni plagini ya bure inayokaa juu ya WordPress. Ilitoka Septemba 2011, ikitengenezwa na WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, Afrika Kusini, na yenyewe ilichipuka kutoka kwenye programu nyingine ya duka iliyoitwa Jigoshop. Mwaka 2015 Automattic, wale wenye WordPress.com, wakainunua WooThemes nzima. Ukiwa na mfumo mwingine wa duka majina yatabadilika ila akili ni ile ile.

HALI ZENYEWE NI ZIPI

Dashibodi za wengi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo nitataja neno unaloliona kwenye skrini halafu nitalipa jina letu ili tuelewane huko mbele.

Pending payment, mimi naiita "inasubiri malipo". Mteja kabofya kununua lakini pesa haijaonekana. Failed ni "malipo yamegoma". On hold ni "imesimamishwa", yaani oda ipo, mzigo umeshatolewa kwenye hesabu ya stoo, ila kuna kitu wewe unatakiwa ukithibitishe. Processing ni "inashughulikiwa", sasa ni kazi yako kufunga na kutuma. Completed ni "imekamilika", hakuna kilichobaki. Cancelled ni "imefutwa". Refunded ni "pesa imerudishwa".

Hapo kwenye "inashughulikiwa" ndipo wengi wanapotegeka. Wanadhani maana yake ni imelipwa. Si lazima! Ukiwasha malipo ya mkononi wakati wa kupokea mzigo, WooCommerce inaipeleka oda hiyo moja kwa moja kwenye "inashughulikiwa" bila shilingi hata moja kuingia, kwa sababu ndivyo malipo hayo yalivyo: unafunga kwanza, unalipwa mlangoni. Malipo ya benki na ya hundi yenyewe yanaanzia "imesimamishwa". Kwa hiyo ukiandika sheria ya aina ya "kila inayoshughulikiwa ifanye imekamilika", umeshawajumlisha watu wa kulipa mlangoni humo humo.

Na jingine ambalo watu hawalitazami: kila hali inabeba vitu viwili nyuma yake, stoo na barua pepe. Oda ikiingia "imesimamishwa", "inashughulikiwa" au "imekamilika", idadi ya mzigo inapungua. Ikienda "imefutwa", idadi inarudi. Na mteja anatumiwa barua pepe oda inapoingia kwenye baadhi ya hali hizo, mfano "inashughulikiwa" na "imekamilika". Ukichagua oda 80 za zamani kwa mkupuo na kuzibadilisha kwa ajili ya usafi tu, umewatumia watu 80 barua pepe ya kuwaambia oda yao ya mwaka juzi imekamilika. Nimeona ikitokea. Simu zilizopigwa siku hiyo, we acha tu.

KILE AMBACHO DUKA LINAFANYA LENYEWE TAYARI

Kabla ya kuongeza msimbo jua kwamba nusu ya kazi ishafanywa. Njia ya malipo iliyotengenezwa vizuri, ikithibitisha pesa imeingia, inaiambia oda "malipo yametimia". Kwa lugha ya programu inaita payment_complete. Hapo WooCommerce inajiuliza swali moja: humu kuna kitu cha kushughulikia? Kama kipo, oda inaenda "inashughulikiwa". Kama hakipo, inaruka moja kwa moja "imekamilika".

Na "hakuna cha kushughulikia" ina maana finyu. Bidhaa lazima iwe imetiwa alama mbili, kwamba haishikiki na kwamba inapakuliwa. Kitabu cha PDF au wimbo unaingia hapo. Tiketi ya semina, au huduma kama kutengenezewa nembo, inatiwa alama ya kutoshikika tu, haipakuliwi, kwa hiyo inaganda kwenye "inashughulikiwa" hata kama huna cha kutuma. Hawa wauza tiketi ndio wenye haki kabisa ya kutaka otomatiki. Dawa yao ni fupi:

add_filter( 'woocommerce_order_item_needs_processing', function( $inahitaji, $bidhaa ) {
    return $bidhaa->is_virtual() ? false : $inahitaji;
}, 10, 2 );

Inasema hivi: kama bidhaa haishikiki, usihesabu kuwa ina kazi. Uzuri wake ni kwamba swali hili linaulizwa wakati malipo yametimia, si kabla. Oda isiyolipwa haiguswi. Na mteja akinunua tiketi pamoja na fulana, oda inabaki "inashughulikiwa" kwa sababu ya fulana, kama inavyotakiwa.

Weka msimbo kwenye thimu ndogo ya mtoto au kwenye plagini ya vipande vya msimbo, usiuweke kwenye thimu yenyewe, maana siku thimu ikipata toleo jipya unafutika. Ukikosea nukta mkato moja tovuti nzima inaweza kuwa nyeupe, hivyo hakikisha unaweza kuingia kwenye mafaili ya seva kwa njia nyingine kabla ya kubofya kuhifadhi. Msifanye haya mkiwa na dakika tatu zilizobaki kafe.

MSIMBO ULE WA UKURASA WA ASANTE

Sasa turudi kwa jamaa wa viatu. Msimbo alioubandika upo kwenye mamia ya tovuti, na unafanana popote. Unajishikiza kwenye woocommerce_thankyou, yaani ule ukurasa wa "asante, tumepokea oda yako", halafu unaiandikia oda "imekamilika". Ukiusoma haraka unaona una akili: mteja akifika ukurasa wa asante si ameshalipa?

Hapana. Ukurasa wa asante unamaanisha mteja kamaliza kujaza fomu, basi. Aliyechagua kulipa benki anaufikia, na benki hajaenda wala haendi. Aliyechagua kulipa mlangoni anaufikia. Kwa njia nyingine za simu anaufikia wakati simu yake bado inamuuliza namba ya siri.

Kosa la pili ni kinyume chake na wengi hawalioni. Mteja aliyelipa kweli lakini kivinjari chake kikakatika kabla ya kurudi, umeme umekatika, bando limeisha, muda wa kafe umeisha, ukurasa huo haufunguki kwake. Msimbo haufanyi kazi. Kwa hiyo mtambo unamkamilishia oda asiyelipa na kumwacha aliyelipa. Ndiyo maana nasema heri ubofye kwa mkono kuliko kuutumia.

Kivinjari cha mteja si shahidi. Picha ya skrini ya ujumbe wa malipo aliyokutumia si shahidi. Shahidi ni seva ya mwenye pesa inapozungumza na seva yako.

PESA YA SIMU, HAPA NDIPO PENYE MAMBO

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafika 2008, na leo duka la mtandaoni la huku kwetu lisilo na pesa ya simu ni kama halipo. Nitaeleza kwa mfano wa Daraja, mlango wa programu wa Safaricom Kenya, kwa sababu maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Huku Tanzania Vodacom wana mlango wao, majina ya vitu ni tofauti, usichukue msimbo wa kule ukategemea utakubali huku. Mtego wenyewe ndio unaofanana.

Inavyokwenda: mteja anaandika namba ya simu, duka lako linaiomba Safaricom imtokezee kile kidirisha cha namba ya siri kwenye simu. Safaricom inajibu papo hapo, na kwenye jibu kuna ResponseCode yenye sifuri. Vijana wengi wakiona sifuri wanashangilia na kuandika "imelipwa". Jamani! Sifuri hiyo maana yake "ombi lako nimelipokea". Mteja hata simu hajaishika.

Jibu la kweli linakuja baadaye, sekunde kadhaa au zaidi, kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja kwenye ombi. Humo kuna kitu kingine kinaitwa ResultCode. Hicho kikiwa sifuri ndiyo pesa imetoka, na utapewa kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu. Kikiwa 1 salio halikutosha. Kikiwa 1032 mteja kaghairi mwenyewe. Kikiwa 1037 simu haikupatikana au mtu hakujibu. ResponseCode na ResultCode, majina yanafanana hivyo hivyo kama mapacha, na tofauti yake ni mzigo mzima.

Ujumbe huo ukifika, usiukumbatie kabla ya kuukagua. Mimi nakagua vitu vitatu.

Kwanza, ni kweli umetoka kwao? Anwani yako ya kupokea majibu ni ukurasa wa intaneti kama mwingine, mtu akiijua anaweza kuutumia ujumbe wa uongo wenye ResultCode sifuri na risiti ya kubuni. Njia ya kujikinga ni kuuliza upande wa pili: ombi la kwanza lilikupa namba yake, CheckoutRequestID, unairudisha Daraja na kuuliza "hili liliishaje?" Wakisema limefanikiwa ndipo unabadilisha hali. Pesapal, ambao wapo Kenya, Tanzania na Uganda, wamelifanya hili kuwa sheria kabisa: taarifa wanayokutumia haisemi hata kama pesa imelipwa, inakupa namba ya muamala tu, na wewe ndiye unayetakiwa kurudi kwao kuuliza hali yake. Watu wanalalamika ni usumbufu. Mimi naona ndiyo utaratibu bora kuliko wote.

Pili, kiasi. Linganisha kilicholipwa na jumla ya oda. Hii ni muhimu zaidi kwa wanaolipa wenyewe kwa namba ya kampuni, maana hapo mtu anachapa kiasi kwa mkono na 54,000 inaweza kuwa 45,000, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Pesa ikipungua, mashine iipeleke oda "imesimamishwa" na kuandika kwenye maelezo ya oda imepungua kiasi gani. Isiifute, maana mtu kalipa. Isiipitishe, maana hajamaliza.

Tatu, je, ujumbe huu nimeshaupokea? Ujumbe mmoja unaweza kuja mara mbili. Hifadhi namba ya risiti kwenye oda, na ikija tena namba ile ile acha kimya. WooCommerce yenyewe ina kinga kidogo, oda ambayo tayari "inashughulikiwa" haiipitishi tena kwenye malipo, lakini kama wewe umeongeza kitu chako, mfano kumtumia mteja SMS, utamtumia mbili na wewe ndiye unayezilipia.

DAKIKA SITINI ZINAZOUA ODA KIMYA KIMYA

Hili limenitesa mpaka nikalielewa. Kwenye mipangilio ya WooCommerce, sehemu ya bidhaa, ukurasa wa stoo, kuna kisanduku cha dakika za kumshikia mteja mzigo. Kimejazwa 60 tangu mwanzo. Kazi yake: kama unatumia hesabu ya stoo, oda iliyotoka kwenye ukurasa wa malipo ikakaa "inasubiri malipo" zaidi ya dakika hizo, inafutwa yenyewe ili mzigo uuzwe kwa mwingine. Ni otomatiki ambayo hukuiomba lakini unayo.

Kwa kadi ya benki dakika 60 zinatosha na kubaki. Kwa mtu wa pesa ya simu ambaye salio halikutosha, akaenda kwa wakala kuweka pesa, akakuta foleni, akarudi kulipa kwa namba ya kampuni, dakika 60 si kitu. Analipa oda iliyokwisha kufutwa. Na kwa mpangilio wa kawaida oda inayotoka "inasubiri malipo" kwenda "imefutwa" haimtumii mwenye duka barua pepe, kwa hiyo hujui, na mteja anakuja kukuita tapeli.

Ujumbe wa malipo ukichelewa kisha ukafika, payment_complete inakubali kuifufua oda iliyofutwa na kuipeleka "inashughulikiwa". Hiyo ni nafuu. Ila kama ilikuwa pea ya mwisho ya saizi 42 na ishauzwa saa hiyo hiyo, una oda mbili zilizolipwa na kiatu kimoja.

Ushauri wangu: ongeza dakika. Duka la bidhaa zisizogombaniwa weka hata 1440, yaani siku nzima. Duka la vitu vichache vinavyogombaniwa weka fupi, lakini kabla ya kufuta mashine iulize Daraja au Pesapal kwa mara ya mwisho kama kuna pesa. Ukiacha kisanduku kitupu ufutaji unazimika kabisa, na utakuwa na makaburi ya oda zisizolipwa ambayo utayasafisha mwenyewe.

SAA YA WORDPRESS SI SAA

Utaweka dakika 60 halafu utaona oda imefutwa baada ya saa tano. Hujakosea. Kazi za ratiba za WordPress haziendeshwi na saa, zinaendeshwa na wageni. Mtu akifungua ukurasa wowote ndipo WordPress inapojiuliza kuna kazi gani imepitwa na muda. Duka lisilo na wageni usiku linalala kweli kweli, na asubuhi mgeni wa kwanza anaamsha kazi zote.

Dawa ni kuzima tabia hiyo na kutumia saa ya seva. Kwenye faili la wp-config.php unaandika:

define( 'DISABLE_WP_CRON', true );

Halafu kwenye paneli ya mwenye kukukodishia seva unaweka kazi ya kuita wp-cron.php ya tovuti yako kila dakika tano. Fanya yote mawili. Ukifanya la kwanza ukasahau la pili hakuna kazi ya ratiba itakayofanyika tena, na utakuja kunilaumu mimi. Kuona kama kazi zinakwenda, ingia kwenye menyu ya hali ya WooCommerce, kuna ukurasa wa kazi zilizopangwa. Zikiwa zimerundikana zilizopitwa na muda, ujue saa haifanyi kazi.

"IMEKAMILIKA" IKAE KWA NANI?

Pesa mashine inaiona. Mzigo je? Kwa anayetumia kampuni kubwa ya usafirishaji yenye namba ya kufuatilia, seva ya kampuni inaweza kusema umefika na oda ikajifunga. Sisi wa kumpa kondakta wa basi la Mbeya kifurushi na namba ya simu ya mpokeaji, hakuna seva inayojua chochote. Basi tusijidanganye.

Ninachofanya ni kuongeza hali moja ya kati, "imetumwa", ambayo anaibofya aliyekabidhi mzigo, siyo mwingine. Zipo plagini za kuongeza hali mpya, na ukiandika mwenyewe kumbuka jina la ndani linaanza na wc- na lote kwa jumla halizidi herufi 20, maana safu ya hifadhidata ndiyo nafasi iliyonayo. Ukizidisha, jina linaweza kukatwa na oda zikapotea kwenye orodha, na utazitafuta kwa machozi.

Oda ikiingia "imetumwa", hapo mashine inapata kazi halali: inapanga kazi ya siku saba mbele. Siku ikifika inaangalia kwanza, je, oda bado iko "imetumwa"? Kama ndiyo, na hakuna malalamiko, inaifanya "imekamilika". Kama katikati umeisimamisha kwa sababu mteja kapiga simu hajapata mzigo, mashine inaiacha. Huko kuangalia tena siku yenyewe ndiko watu wanakoruka, wanapanga kazi na kuisahau, halafu oda yenye ugomvi inajifunga yenyewe katikati ya ugomvi.

"Pesa imerudishwa" nayo msiiguse kwa otomatiki. Kubadilisha hali kwenda huko hakurudishi pesa! Ni maandishi tu. Pesa inarudi kwa kitufe cha kurejesha kilichomo ndani ya oda, na hapo pia kama njia yako ya malipo inakubali kazi hiyo. Kama haikubali, unarudisha kwa simu yako mwenyewe kwanza, halafu ndiyo unaandika.

VIDOKEZO VYA HARAKA KABLA MUDA HAUJAISHA

Misimbo ya zamani inayogusa oda kama vile ni makala ya blogu, ile yenye wp_update_post na get_post_meta, iogope. Tangu toleo la 8.2 la Oktoba 2023 maduka mapya yanahifadhi oda kwenye majedwali yake yenyewe. Tumia wc_get_order, halafu update_status. Na kwenye update_status kuna nafasi ya pili ya kuandika sababu, iandike: "risiti fulani, kiasi fulani, imethibitishwa". Kila badiliko la hali linajiandika kwenye maelezo ya oda pamoja na saa, na siku ya ugomvi hayo maelezo ndiyo wakili wako.

Jaribu kabla ya kuwaachia wateja. Daraja wana uwanja wa majaribio. Mimi huwa nafanya oda nne: ninayolipa vizuri, ninayoghairi kwenye simu, ninayoiacha bila kujibu, na ninayolipa halafu nafunga kivinjari kabla hakijarudi. Hiyo ya nne ndiyo mtihani. Kama oda imefika "inashughulikiwa" huku kivinjari kimefungwa, mtambo wako unasikiliza seva. Kama imebaki "inasubiri malipo", unasikiliza kivinjari, rudi mwanzo. Na usitegemee majibu ya Daraja yafike kwenye kompyuta ya kafe ulikoweka WordPress ya kujifunzia. Anwani lazima iwe ya intaneti ya wazi.

Mwisho kwa leo, kijana wa kufunga mizigo mpe akaunti yake mwenyewe ya meneja wa duka, siyo ya kwako ya utawala, na mkitoka kafe toeni akaunti zenu kwenye kompyuta. Jamaa wa viatu sasa hivi anafunga mzigo wa oda "inayoshughulikiwa" yenye namba ya risiti tu, na zile za kulipa mlangoni anazichapisha kwenye karatasi ya rangi nyingine ili bodaboda ajue kuna pesa ya kudai. Mwenye duka linalotumia njia nyingine ya malipo aniandikie hapo chini kwenye maoni, ataje ni ipi, maana Tigo Pesa ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas na Airtel Money sijazigusa kabisa humu.